Noti ya juu katika nyimbo za tamthilia za muziki: itengeneze kabla hujaifikia

Noti ya juu ikipasuka, mara nyingi kosa limeshafanyika baa (vipande vya mapigo) mbili au tatu nyuma. Pumzi ilijazwa kupita kiasi, au sauti ya kifua, ile nzito unayoongea nayo, ilibebwa juu mno, au taya lilikaza mapema kwa sababu mwimbaji ameshaanza kuiogopa noti anayoiona mbele. Kuirudia noti yenyewe mara hamsini hakusaidii. Kinachosaidia ni kujua upeo wako, kuusoma wimbo vizuri, na kuifanyia kazi njia ya kufikia pale juu.

Anza kwa kujipima. Piano, kinanda au programu ya kinanda kwenye simu inatosha. C ya katikati ya piano huandikwa C4, na A iliyo juu yake ni A4, yenye mitetemo 440 kwa sekunde. Pasha sauti kwanza, kisha panda nusu toni moja moja, yaani kitufe kimoja cha kinanda kila mara, cheupe au cheusi, kwa irabu "a". Andika noti ya mwisho unayoweza kuishika kwa sekunde nne bila shingo kukaza wala kidevu kuinuka. Ile uliyoigusa mara moja kwa bahati usiihesabu. Chukua vipimo vitatu: mwisho wa sauti ya kifua, mwisho wa sauti mseto, yaani kifua na kichwa vikiwa vimechanganyika, na mwisho wa sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Rudia siku nyingine mbili, chagua kipimo kilichokuwa cha chini kuliko vyote, kisha punguza nusu toni mbili. Hapo ndipo unapoweza kuahidi kuimba. Kumbi kubwa za Broadway (New York) na West End (London) huwa na maonyesho 8 kwa wiki, na hata kikundi cha shule chenye maonyesho matatu tu, onyesho la tatu huimbwa na koo lililochoka.

Sasa uchukue wimbo wenyewe. Wengi hutafuta noti ya juu kabisa, wakiona wanaifikia wanaridhika. Hapo ndipo wanapojidanganya. Tazama nyimbo mbili za Jean Valjean, mhusika mkuu wa Les Misérables, iliyofunguliwa London mwaka 1985. "Who Am I?" inaishia kwenye B4, mitetemo kama 494, kwa sauti kamili: Valjean anaitaja namba yake ya mfungwa, 24601, na tarakimu ya mwisho, "one", ndiyo inayobeba noti hiyo. "Bring Him Home" inaishia A4 kwa juu, toni nzima chini yake. Kwa hesabu ya noti ya juu, wimbo wa pili ni rahisi zaidi. Kwenye koo ni kinyume kabisa. Ile B4 huja mara moja, mwishoni, orkesta ikiwa imepanda, na irabu yake iko karibu na "a", kwa hiyo mdomo unafunguka wenyewe. "Bring Him Home" inaanza kwa kuruka oktavu nzima, inaimbwa kwa upole kama sala, na inazunguka muda mrefu mahali ambapo sauti ya mwanamume hubadilika kutoka kifua kwenda kichwa. Huwezi kujificha nyuma ya nguvu.

Kwa hiyo shika penseli. Zungushia duara kila noti iliyo ndani ya nusu toni nne kutoka kwenye kikomo chako, kisha hesabu mapigo inayoshikwa. Duara zikijaa ukurasa, ufunguo huo, yaani kimo ambacho wimbo mzima umewekwa, ni wa juu mno kwako, hata kama noti ya kilele unaipata. Weka alama pia kwenye daraja la sauti, yaani pale kifua kinapobadilika kwenda kichwa. Kwa wanaume wengi wa sauti ya tatu huwa kati ya D4 na G4, na kwa besi hushuka kidogo. Kwa wanawake wanaopandisha sauti ya kifua, shida huanza kati ya A4 na D5.

Usisahau nafasi nzima ya mhusika. Elphaba, mhusika mkuu wa Wicked (Broadway, 2003), anaimba "Defying Gravity" mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na bado "No Good Deed" inamngoja katika sehemu ya pili. Anayetoa kila kitu kabla ya mapumziko ataumia baada yake. Christine wa The Phantom of the Opera (London, 1986) anafika E6, mitetemo zaidi ya 1,300, lakini hiyo ni sauti ya kichwa tupu. Mwanakwaya wa kanisani aliyelelewa kwenye sauti ya kwanza huwa karibu na Christine kuliko Elphaba, kwa sababu kwaya zetu huwafundisha wanawake kupanda kwa kichwa. Akipewa wimbo wa kupaza kwa kifua, ajipe miezi ya kuijenga sauti mseto. Wiki mbili hazitoshi.

Kwenye usaili au tamasha, kushusha ufunguo kwa nusu toni mbili au tatu hakuna aibu. Kagua tu noti za chini, maana nazo zinashuka. Onyesho lenye leseni, yaani lililoruhusiwa na wenye haki za tamthilia, lina masharti yake: omba ruhusa kabla ya kubadilisha chochote.

Kupasha sauti kuchukue dakika kumi hadi kumi na tano. Chukua mrija, uzamishe sentimita mbili kwenye glasi ya maji, na uimbe "u" ndani yake ukipanda na kushuka taratibu kwa dakika tatu. Mapovu yawe ya utulivu. Yakiruka nje ya glasi, unasukuma. Kisha imba "ng'" ile ya ng'ombe, kama king'ora, kutoka chini hadi juu bila kukatika. Kwa anayezungumza Kiswahili sauti hii ni ya kila siku, na inaonyesha upesi mahali daraja lilipo: panaporuka au kukwama, ndipo. Malizia kwa "nya-nya-nya" nyembamba, yenye makali kidogo. Hiyo ndiyo rangi inayofanya noti ya juu isikike mbali bila hewa nyingi.

Baada ya hapo fanya kazi kinyumenyume. Shusha wimbo nusu toni tatu. Imba noti ya juu peke yake kwa "nya", kwa sauti ya kawaida tu. Ongeza noti moja iliyo kabla yake, kisha mbili, kisha mstari mzima. Weka maneno mwisho kabisa. Ukiweza mara tano mfululizo bila shingo kuingilia, pandisha nusu toni moja, na ulale nayo siku mbili kabla ya kupandisha tena.

Kwenye pumzi, kosa kubwa ni kujaza mno. Kifua kikijaa hadi juu, hewa hubana nyuzi za sauti kutoka chini, nazo hukaza kujilinda. Vuta kiasi cha mstari ulio mbele yako, mbavu zikipanuka pembeni, mabega yakitulia. Kama mstari uliotangulia umekuachia hewa, itoe kwanza.

Kwenye irabu, "i" na "u" hubana zikipanda. Acha "i" isogee kuelekea "e", "u" kuelekea "o", na "o" kuelekea "a", taya likishuka. Mbele ya kioo utaona tofauti. Msikilizaji bado atalisikia neno lilelile, kwa sababu konsonanti na maneno ya jirani humsaidia.

Noti ikipasuka, kifua kimebebwa mbali mno: anza kupunguza uzito noti nne kabla. Ikiwa chini kidogo ya sauti yake, irabu ni nzito au pumzi imelegea. Ikibana na kusikika kama kelele, kwa kawaida ulimi umerudi nyuma. Gusisha ncha yake kwenye meno ya chini. Ikitoka na hewa nyingi, rudi kwenye "nya".

Maumivu ni amri ya kuacha siku hiyo. Usikohoe kusafisha koo na usinong'one, vyote viwili huzichosha nyuzi. Meza mate au maji. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Siku ya onyesho, gusa noti ya juu mara moja au mbili wakati wa kupasha, kisha iache hadi jukwaani.