Mtwara hadi Liwale, kisha kutokea Nangurukuru: kuvuka bara ya kusini kwa gari lako

Anayetoka Mtwara mjini alfajiri akaingia Masasi kabla ya saa 5 asubuhi hujiona anaweza kulala Liwale siku hiyohiyo. Hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Lami imemdanganya. Kilomita 130 za Nachingwea hadi Liwale hazina undugu na kilomita za lami za Mingoyo hadi Mtwara, na huku bara kilomita si kipimo cha kutegemea. Pima kwa saa za mwanga zilizobaki, mafuta yaliyomo na maji uliyobeba.

Njia inayoelezwa hapa ni mzunguko: Mtwara, Mingoyo, Masasi, Nachingwea, Liwale, halafu kutokea Nangurukuru kwenye barabara kuu ya Kilwa na kushuka kusini kupitia Lindi. Jumla inakaribia kilomita 900. Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo, takriban kilomita 200, ni lami. Nangurukuru hadi Mtwara pia lami. Kazi iko katikati: Masasi hadi Nachingwea 45, Nachingwea hadi Liwale 130, Liwale hadi Nangurukuru 230. Ukiwa na gari dogo la chini na unachotaka ni kuiona bara tu, pita Masasi, Mangaka, Tunduru hadi Songea kwa lami, na mwongozo huu hutauhitaji.

Mwezi wa kwenda

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine Mei inaguswa. Juni barabara imekauka, lakini mifereji iliyochimbwa na malori wakati wa tope imekauka nayo, migumu kama saruji, na nyasi za katikati ya njia zimefika kwenye bampa. Septemba na Oktoba mchanga umelegea, joto kali, na msimu wa korosho unaleta malori. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuchagua. Novemba mvua moja tu ya jioni inatosha kuufanya udongo mweusi wa mbuga usipitike kesho yake.

Gari, wiki moja kabla

Liwe na foo-wili na uwazi wa angalau sentimita 20 kati ya tumbo lake na ardhi. Lipeleke kwa fundi wiki nzima kabla ya safari. Kifaa kipya kilichofungwa vibaya huonyesha kasoro ndani ya kilomita mia za mwanzo, na ni heri zikuishie kwenye mizunguko ya Mtwara na Mikindani. Mwambie fundi aangalie bushi, boljointi, shokapu, feni belti, mipira ya rejeta, na hasa namna betri ilivyofungwa. Barabara ya changarawe iliyokunjika kama bati la paa hutikisa kila kitu kwa saa nyingi. Betri iliyolegea hupasuka au hukata waya, na gari linazima bila dalili nyingine yoyote.

Spea moja ni kwa ajili ya Nachingwea. Kwa Liwale hadi Nangurukuru beba mbili. Zipime upepo kabla ya kuondoka, maana spea nyingi zimekaa chini ya gari mwaka mzima bila kuguswa. Beba pia kamba za kuzibia matairi yasiyo na tyubu, pampu ya umeme inayochukua moto kwenye betri yenyewe, koleo, kamba ya kuvutia ya mita 8 au zaidi, feni belti ya akiba, lita mbili za oili, fyuzi, waya wa kufungia, na ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 3. Ubao huo ni wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki kwenye mchanga inazama yenyewe badala ya kuinua gari.

Mafuta

Chukua mfano wa gari la petroli linalokula lita moja kwa kilomita 10 kwenye lami. Kwenye mchanga na changarawe, kwa gia ndogo, lihesabie kilomita 6 kwa lita. Liwale hadi Nangurukuru ni 230 gawanya kwa 6, yaani lita 38. Ongeza theluthi ya kupotea njia na kuzungushia matawi yaliyoanguka, zinakuwa kama 51. Tenki la lita 60 linatosha.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba umejaza Liwale. Sheli ya mji mdogo inaweza kuwa imekauka siku unayofika, kwa hiyo piga hesabu ukianzia Nachingwea: 360 gawanya kwa 6 ni 60, na ukiongeza theluthi zinakuwa 80. Tenki lijae Nachingwea, na dumu la lita 20 liwe juu au nyuma ya gari. Dumu liwe la chuma. Dumu la plastiki la mafuta ya kula huvimba kwa joto, kifuniko kinavuja mvuke, na ukiliweka ndani ya gari abiria wanaumwa vichwa kabla hujajua sababu. Usilijaze hadi shingoni. Acha nafasi ya vidole vinne.

Vijijini petroli huuzwa kwenye chupa. Ikikulazimu kununua, iache chupa dakika kumi ikiwa imesimama, kisha itazame kwenye mwanga: maji hukaa chini na kuonyesha mstari. Mimina kupitia kitambaa safi cha pamba, na acha kilichobaki chini ya chupa.

Upepo wa matairi

Hapa ndipo wengi wanapokwama huku wana foo-wili nzuri. Kwenye lami psi 32 hadi 35. Ukiingia changarawe baada ya Masasi, shusha hadi 26 au 28. Tairi linameza kokoto badala ya kupigwa nazo, na pancha zinapungua. Ukifika kwenye mchanga mzito, ambapo usukani unaelea na injini inalalamika, simama mahali pagumu kabla hujazama, ushushe hadi 18. Tairi litatanuka chini, alama yake itakuwa ndefu kama wayo wa mtu badala ya kisigino, na gari litapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Ukiwa na psi 18 usivuke kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu. Chini ya 15 tairi linaweza kuvuka ringi. Mchanga ukiisha, jaza tena hapohapo. Tairi laini kwenye ardhi ngumu huchemka ubavuni, na tairi lililochemka ubavuni halizibiki. Pampu ndogo huchukua dakika 5 hadi 8 kwa tairi moja; baada ya mawili iache ipoe.

Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa bure ni sentimita nyingine kwenda chini. Shusha upepo, chimba mbele ya kila gurudumu mteremko mrefu, na ondoa mchanga ulioshika tumbo la gari. Kisha rudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, maana njia uliyojia umeshaishindilia. Matawi yakiwekwa chini ya matairi yasaidia, ila mtu asisimame nyuma wala mbele ya gurudumu: tawi hurushwa kwa kasi. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano za chasisi. Usiifunge kwenye tufe la chuma la kuvutia trela, maana likikatika linaruka kama risasi.

Vumbi, nyasi na mtikisiko

Ndani ya gari funga vioo na uwashe feni ichukue hewa ya nje kwa nguvu. Hewa ikijaa ndani, vumbi haliingii kwa urahisi. Ukifunga hewa ya nje, vumbi litapenya kwenye mipira ya milango. Taa za mbele ziwake mchana kutwa. Ukikutana na lori, pisha pembeni, punguza mwendo, na usitie gari kwenye vumbi lake kabla hujaona mbele. Liwale toa ea klina, igonge taratibu kwenye tairi, vumbi litoke. Usiipulize kwa upepo wa kasi ukiwa karibu. Karatasi hutoboka na injini itakula mchanga hadi Nangurukuru.

Nyasi ndefu ni hatari ya aina mbili. Mbegu zake hujaa kwenye rejeta na injini inachemka bila tone la maji kuvuja. Na nyasi kavu hukusanyika juu ya bomba la moshi. Katika njia yenye nyasi simama kila nusu saa, inama, vuta zilizonasa. Ukisikia harufu ya majani yanayoungua, usimalizie kilima.

Jioni ya kila siku ya changarawe zungusha spana kwenye nati zote za magurudumu. Gurudumu lililobadilishwa njiani likazwe tena baada ya kilomita 50.

Popote makandarasi wanapofanya kazi, njia ya mchepuko huwa mbaya kuliko barabara yenyewe. Ingia taratibu.

Kuuliza njia

Ukimuuliza mtu, "Njia inapitika?" utajibiwa, "Inapitika." Hakudanganyi. Yeye anapita kwa pikipiki. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Gari la mwisho kutoka Liwale limepita lini, na lilikuwa gari gani?" Akisema jana, Fuso la mizigo, endelea lakini ujue mifereji yake ni mipana kuliko gari lako. Akisema wiki iliyopita, kaa kitako kwanza. Mtu bora wa kumuuliza ni dereva au konda wa basi aliyeshuka asubuhi hiyo. Atakutajia na kijito chenyewe.

Vijito na mito, Mbwemkuru na bonde la Matandu upande wa Njinjo vikiwemo, wakati wa kiangazi huwa mchanga au maji machache. Maji yakiwepo na huoni chini, tazama wenyeji wanavuka wapi na yanawafika wapi. Yakipita nusu ya gurudumu, au yakienda kwa kasi, subiri. Mafuriko ya huku hushuka kwa saa chache mvua ikikata. Usijitose kupima kwa mguu kwenye maji ya kahawia yaliyotulia, mamba hatangazi. Ukishavuka, kanyaga breki kidogokidogo mara kadhaa zikauke, na jioni chungulia oili ya difu: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Wanyama

Sehemu ya wilaya ya Liwale imo ndani ya eneo la zamani la Pori la Akiba la Selous, na mwaka 2019 upande mmoja wa pori hilo ukawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo hawajui mpaka. Ukimwona barabarani simama mita 100 kabla, usipige honi, usizime injini, na nyuma yako pawe wazi. Akitanua masikio na kukugeukia uso mzima, rudi nyuma polepole. Kundi lina watoto, na wa mwisho hutokea dakika kadhaa baada ya wewe kudhani wamekwisha.

Ng'ombe nao ni wengi siku hizi. Mchungaji wa mbele akikuonyesha mkono, simama. Wa nyuma bado hujamwona.

Mbung'o hufuata gari linalotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Vaa kaki au rangi iliyopauka, na ukisimama kubadilisha tairi vaa mikono mirefu.

Saa na maji

Julai jua linazama Liwale kama saa 12 na robo jioni. Panga kuwa umesimama saa 11. Mpango unaofanya kazi: siku ya kwanza lala Nachingwea ingawa unaona mapema, siku ya pili ondoka saa 12 na nusu asubuhi kulipokucha, fika Liwale, jaza mafuta, kagua gari, lala, siku ya tatu ondoka alfajiri kwenda Nangurukuru. Kwenye vipande hivyo uhesabu wastani wa kilomita 30 hadi 35 kwa saa pamoja na vituo, yaani saa saba au zaidi siku ya tatu. Kama saa 8 mchana hujafika nusu ya njia, lala kijijini. Mwone mwenyekiti kwanza, ndipo uegeshe.

Maji ni lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kwa siku mbili zaidi ya mpango wako, na lita 10 za rejeta kwenye dumu lake. Chakula beba kikavu: korosho, mkate, mihogo ya kuchoma. Ming'oko, mizizi ya porini, ukiikuta Masasi nunua. Uraka wa mabibo waachie wenyeji hadi ufike. Jua na pombe ni kazi mbili.

Simu inapotea mtandao kwa vipande virefu. Kabla ya kutoka Nachingwea, mwachie ndugu mmoja Mtwara ujumbe wenye namba ya gari, idadi ya watu, njia, na saa ya mwisho: "Kesho saa 2 usiku nisipopiga, pigia simu polisi Liwale." Ukibadilisha njia, mjulishe kabla ya kuingia. Gari likifa, kaa nalo. Lina kivuli, lina maji, na bati lake linaonekana kutoka mbali. Aliyeanza kutembea saa 7 mchana kutafuta kijiji humaliza maji yake kabla hajafika. Fungua boneti liwe wima, washa moto mdogo wa majani mabichi mahali palipofyekwa, na subiri basi la kesho.