Kabla hujamwonyesha mteja prototaipu

Prototaipu ni kurasa za mfano za mfumo wa kompyuta unaomtengenezea mteja. Kwanza, andika juu ya kila ukurasa wake: hiki ni kielelezo, nyuma yake hamna kitu. Hakuna seva, hakuna hifadhidata, na kitufe cha "Hifadhi" hakihifadhi chochote. Usipoandika, mteja akiona tu kurasa zinabofyeka atakuuliza mnazindua lini.

Rangi ziache kwanza. Weka kijivu, la sivyo kikao kizima kitaishia kwenye ubishi wa bluu ipi.

Jaza data inayofanana na ya kweli: jina la maneno manne, orodha tupu, orodha ya mistari mia tatu. Ukiweka bidhaa tatu zenye picha nzuri kila mtu atakubali, maana hakuna cha kukataa. Ijaribu na kwenye simu, upana wa pikseli 360.

Sasa hili lishike, maana lilinitoa jasho. Usimwonyeshe bosi peke yake. Niliwahi kutengeneza mfumo wa kupokea oda. Prototaipu ilikuwa kurasa sita za HTML, na oda ilikuwa na hali mbili: imelipwa, haijalipwa. Mwenye biashara akabofya mara mbili tatu, akaridhika, tukasaini. Miezi miwili baadaye nakabidhi kazi, karani anaketi, anafungua oda ya kwanza, anaipekua ile menyu ya hali, kisha ananigeukia: "Kaka, aliyetanguliza nusu namweka wapi?"

Kumbe karibu wateja wao wote hutanguliza nusu, wakamalizia siku ya kuchukua mzigo. Bosi hakunificha. Yeye huona hesabu za mwisho wa mwezi tu, na huko nusu zote zimeshakamilika. Nikabomoa jedwali la malipo, risiti, ripoti, vyote. Wiki tatu za bure, maana na mimi nilisaini. Kwenye prototaipu ingekuwa kazi ya dakika kumi.

Siku hizi kipanya anashika karani. Nampa kazi moja tu, mathalani kupokea oda ya mtu aliyeghairi nusu ya vitu, halafu nanyamaza. Usimwelekeze! Akisita, andika amesitia wapi.

Mengine unayajua: kila toleo liwe na tarehe, makubaliano yawe ya maandishi, na msimbo wa prototaipu usiuburuze hadi kwenye mfumo halisi hata kama umeupenda. Na mteja akisema "hayo mengine utaona mwenyewe", usiondoke hapo. Muulize yapi, hata akikuona msumbufu.