Unatengeneza mfumo wa duka? Usiwahoji wote kwa staili moja

Kuna dogo kaniuliza mbona kila akimaliza mfumo wa stoo na mauzo mteja anasema "siyo hiki nilichotaka", na yeye maswali aliuliza vizuri tu. Nikamwambia hebu nione. Akatoa fomu ya kurasa sita, kampa bosi, kampa mhasibu, kampa na mtu wa stoo, fomu ile ile. Aisee.

Mwenye duka la jumla, wale wa Kariakoo mfano, ni mtu wa maneno. Siku nzima yuko kwenye simu, bei zote ziko kichwani, fomu yako ataweka glasi ya chai juu yake. Kaa naye jioni akifunga hesabu, na usimuulize "mahitaji yako ni yapi", muulize wiki hii hela imekwama wapi. Au mwachie atume voisi WhatsApp, ataongea dakika saba kwa jambo ambalo kwenye fomu angeandika "ripoti" basi.

Mtu wa stoo sasa. Ukimuuliza mzigo unatokaje atakujibu "unatoka tu kawaida", na hakufichi kitu, kazi yake iko mikononi. Nenda siku mzigo unashushwa, mwambie akufundishe kama kibarua mpya, shinda naye. Mimi nilivyofanya hivyo nikaona kwenye kaunta buku lake kuna nyota pembeni ya majina fulani, nikauliza, kumbe ni wa mali kauli, wanabeba mzigo leo wanalipa wakishauza. Bosi hakuwahi kunitajia maana kwake ni jambo la kila siku, mhasibu naye alikuwa anaona malipo tu. Mfumo ungetoka hauna sehemu ya madeni!

Mhasibu mtumie maswali kwa maandishi siku mbili kabla, atakurudishia na mambo ya VAT na risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) ambayo kwenye stori yangerukwa. Na wapo wasioelewa mpaka waone, hao wachoree skrini kwa peni kwenye karatasi. Usiwapelekee mchoro uliopendeza wa Figma (programu ya kuchorea skrini), watadhani umeshamaliza na mtabishana rangi tu.

Haya mambo ya mtu wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na wa kutenda yalienezwa na mwalimu mmoja, Neil Fleming, kule New Zealand miaka ya 90, akayaita VARK. Usiyashike kama msahafu, mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti wakakuta ushahidi hautoshi kusema mtu anajifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Kwa hiyo usimbandike mtu lebo, angalia tu kazi yake inakaa wapi, mdomoni, mkononi au kwenye makaratasi, uanzie hapo.

Kuhakiki nako hivyo hivyo. Bosi msimulie mauzo ya siku moja mwanzo mwisho, atakukatiza pale ulipokosea. Mhasibu mpe maandishi asaini. Mtu wa stoo mpe simu yenye mfumo wa majaribio siku ya mzigo halafu nyamaza kabisa, usimwelekeze, na kila akirudi kwenye daftari lake andika alikuwa anatafuta nini.