Jeli ya uzazi wa mpango kwa wanaume: namna inavyotumika

Jeli ya NES/T haijaanza kuuzwa madukani. Imetolewa ndani ya utafiti ulioanza mwaka 2018 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Anayekuuzia chupa yake mtaani anakuuzia kitu kingine.

Dozi ya siku ni mililita 5, sawa na kijiko kimoja cha chai, yenye miligramu 8 za segesteroni, homoni ya kuzuia mbegu, na miligramu 74 za testosteroni, homoni ya kiume. Segesteroni hukata amri zitokazo kwenye ubongo, yaani homoni za LH na FSH. Korodani zikikosa amri hizo huacha kutengeneza mbegu, na testosteroni yake nayo hushuka. Ndiyo sababu testosteroni huongezwa kwenye jeli: bila hiyo, nguvu na hamu ya tendo la ndoa vingepungua.

Oga kwanza, jifute mpaka ngozi ikauke kabisa. Gawa jeli nusu kwa nusu, paka bega la kulia na la kushoto, uitandaze nyembamba. Ikikauka, nawa mikono kwa sabuni, kisha vaa shati linalofunika mabega. Usilipuuze shati hilo. Mtoto akilaza shavu begani mwako, homoni inahamia kwake, na ikijirudia anaweza kuota nywele za sehemu za siri kabla ya umri. Mama mjamzito naye asiiguse. Kabla ya kumbeba mtoto au kulala kifua wazi na mwenzi wako, osha mabega kwa sabuni.

Kosa kubwa ni kuacha kondomu mapema. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, hivyo zilizokwisha kuanza safari bado zinakuja. Katika utafiti huo, nusu ya wanaume walifikia kiwango kinachotakiwa kabla ya wiki 8, na asilimia 86 kufikia wiki ya 15. Kiwango chenyewe ni mbegu zisizozidi milioni 1 kwa mililita, na maabara pekee ndiyo inayoweza kukuambia. Wingi wa manii hauonyeshi chochote.

Kwa kipimo, kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Toa yote ndani ya kikopo cha maabara, bila kondomu wala mafuta, ukiweke karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Tone la kwanza likimwagika, sema: ndilo lenye mbegu nyingi, na jibu litakudanganya.

Ukiruka siku kadhaa, amri za ubongo hurudi na mbegu huanza upya. Rudia kondomu mpaka upimwe tena. Chunusi, kuongezeka uzito na hasira zisizo za kawaida mweleze daktari. Testosteroni ya kwenye jimu usiigeuze kinga ya mimba: dozi haipimwi, na mbegu zinaweza kubaki. Jeli nayo haizuii VVU.

Ukiacha, subiri. Katika tafiti za njia za homoni, wanaume 90 kati ya 100 walirudia mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 12, waliobaki ndani ya miezi 24.