Bampa ya Probox imekuwa kijivu? Anza na kuosha, usikimbilie oili

Simama tu Kondele hapa Kisumu dakika tano uhesabu Toyota Probox zinazopita, utaona nyingi bodi bado iko sawa lakini bampa imepauka imekuwa kama jivu la makaa, na wenye magari wengi wanafikiria dawa ni kuambia kijana wa karwash "nipakie kitu hapo". Hata mimi nilifanya hivyo. Nilipakiwa dizeli imechanganywa na oili iliyotumika, bampa ikawa nyeusi ti, nikafurahi sana, nikaenda Busia nikarudi, kufika nyumbani vumbi yote ya njiani imenasa pale na mvua ya kwanza ikateremsha michirizi ya mafuta hadi chini ya taa. Iliniuma, juu ilinichukua Jumamosi nzima kuitoa.

Kwanza ujue kwa nini inapauka. Hio plastiki haijapakwa rangi, weusi wake umechanganywa ndani na masizi ya kaboni, sasa miale ya jua inakula ile ngozi ya juu polepole mpaka inabaki unga unga, ndio maana ukipitisha kidole kinatoka na kijivu. Na sisi huku jua liko juu ya kichwa mwaka mzima, ikweta yenyewe inapita hapo Maseno, na Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mahali miale inakuwa kali zaidi, kwa hivyo gari inayolala na kushinda nje haina bahati.

Lowesha bampa na maji tu uangalie. Ikirudi nyeusi vizuri ikiwa na maji, hio inaokoleka. Ikiwa imepasuka pasuka ama bado ina mabaka meupe hata ikilowa, tafuta ingine kwa wauzaji wa spea za mitumba, usipoteze pesa ya dawa.

Kuosha ndio kazi yenyewe, hapa usiharakishe. Tumia sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ya nywele laini, sugua ukizungusha kwa sababu ile plastiki ina vinyweleo na uchafu unakaa ndani, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe. Ile polishi nyeupe iliyokauka kwa kingo jaribu kuifuta na raba ya penseli, inatoka. Ikikauka kabisa pitisha kitambaa chenye spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya chemist, ndio mafuta yote yaliyobaki yaondoke. Ukiruka hii ya spiriti hakuna dawa itashika, hata ungenunua ya bei gani. Na usipige msasa, utafuta ile michoro ya plastiki na hairudi.

Halafu funika rangi ya gari na masking tepu pale inapokutana na plastiki, vaa glavu, na ufanye hii asubuhi mapema chini ya mti ama kibanda kabla bampa haijapata moto, juu ikiwa moto dawa inakauka kabla hujaisambaza na inabaki na madoa.

Kuhusu dawa yenyewe, zile za silikoni za kupulizia zinang'aa leo, mvua ikinyesha mara mbili tatu zimeenda, sawa kama unauza gari kesho lakini si marekebisho. Mimi naamini zile za kutia weusi ndani ama za seramiki zilizotengenezewa plastiki, ni ghali lakini chupa ndogo inafika mbali. Weka matone machache kwa sponji, paka sehemu ndogo ndogo, nyembamba, subiri vile chupa imeandika, futa ya ziada na kitambaa laini cha maikrofaiba. Ikikauka angalia, kama bado kuna mahali pamefifia paka mara ya pili.

Kuna watu wanachoma plastiki na mashine ya hewa moto na kweli weusi unarudi, lakini unaweza kuyeyusha kona kwa sekunde chache na baada ya miezi kijivu kinarudi. Wengine wanapaka mafuta ya linsidi yale ya kuchemshwa ya mafundi wa mbao, yanafanya kazi, ila tafadhali sana kile kitambaa usikikunje ukatupa kwa kona, kinaweza kujipasha moto chenyewe na kuwaka. Kitandaze nje kikauke ama kiloweke kwa maji.

Ukimaliza usiache ipate maji kwa masaa 24, na hapa Kisumu mvua inapenda jioni, kwa hivyo panga na mwenye kibanda mapema ulaze gari humo. Baada ya hapo osha na shampuu ya gari badala ya sabuni ya unga, na siku utaona maji hayatelezi tena kama matone bali yanatanda na kuingia, rudia kupaka mapema kabla haijapauka tena.