Fundi huna cheti? Soma hapa kabla hujakopa ada

Chalii wa Unga Limited pale Arusha unayeshusha injini ya Land Cruiser na kuirudisha bila kuuliza mtu, ila kampuni ya utalii ikisema lete cheti unaanza kukuna kichwa, hii yako. Na dada wa Moshi unayeshonea watoto wa mtaa mzima sare, sogea na wewe.

Serikali ina Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, sasa watu wanaichanganya sana. Kuna intenshipu, hiyo ya waliomaliza vyuo. Kuna uanagenzi, hiyo ya anayeanza fani, anasoma kidogo chuoni kidogo kazini. Wewe fundi wa miaka unaenda kuulizia kitu kinaitwa urasimishaji ujuzi, usikubali mtu akusukume kwenye kozi ndefu eti ukajifunze kushika spana.

Wanachofanya wanakupima. Unahojiwa, unapewa kazi unaifanya mbele yao, wakiona kuna mahali umepungua (mafundi wetu wengi ni usalama kazini na kusoma michoro, mikono iko poa) unapigwa msasa kwa mafunzo mafupi, ukifaulu unapewa cheti cha VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi.

Kwa hiyo nenda VETA Moshi, au kama uko Arusha VETA ya huko, ukiwa wa mapishi na hoteli ulizia chuo cha VETA cha hoteli kule Njiro, Arusha, uliza dirisha la fani yako linafunguliwa lini maana hawachukui kila siku. Wakati unasubiri andaa namba ya NIDA, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na picha za kazi zako, tena piga ukiwa kazini na sura ionekane, siyo picha ya gari limeshapona limepaki tu. Jina lako liwe vilevile kila mahali, hapa ndo wengi wanakwama kwa herufi moja tu. Uliza pia nauli na msosi nani anabeba.

Akitokea mtu anataka umtumie hela kwenye laini yake akuwekee nafasi, achana naye, rudi ofisini uulize.

Cheti kikitoka na mkiwa kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, vijana wana 4, wanawake 4, wenye ulemavu 2, na haina riba. Ila inarudishwa jamani, siyo zawadi.