Somo: Kunyanyua chuma toka chini kama mgongo uliwahi kuumia

Kila wiki naulizwa jinsi ya kunyanyua chuma, yaani ile fimbo yenye diski za uzito pande mbili, basi naandika mara moja. Mgongo wangu uliumia mara mbili: kwanza nikipakia gunia la makala (makaa) kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, halafu kwenye sali, yaani ukumbi wa mazoezi.

Kama sehemu za siri zinakufa ganzi, mguu unakosa nguvu, au mkojo unakupotea, acha kusoma. Nenda hospitali leo.

1. Miguu upana wa nyonga, chuma juu ya katikati ya unyayo.

2. Urefu wa chuma. Hapa ndipo nilipoumia. Diski za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa kama sentimita 22 toka chini. Sali nyingi zetu hapa Goma zina diski ndogo za kuchomelea, hata za simenti, na chuma kinashuka karibu na kifundo cha mguu. Nilikifuata huko huko na kilo 80, kiuno kikapinda, nikalala siku kumi na moja. Weka mbao nene chini ya diski, pande zote sawa, mpaka chuma kifike katikati ya muundi. Mawe ya volkano USIWEKE, hata kama yamejaa uani: uso wake si sawa, diski inabingirika. Mtu akupige video kwa ubavu. Kiuno kikibaki kimenyooka wiki kadhaa, toa ubao mmoja. Kikianza kujikunja, urudishe.

3. Sukuma makalio nyuma, kama unafunga mlango nayo huku mikono imeshika bidoni (madumu ya maji).

4. Vuta hewa tumboni, kaza kama unangojea ngumi.

5. Vuta mpaka mikono inyooke, ndipo usukume ardhi kwa miguu. Chuma kisiachane na muundi.

6. Simama wima. Usijitupe nyuma.

Anza na chuma kitupu, kilo 20, mara tano.

Kijana_Ndosho: Mukubwa, nikivaa mukaba (mkanda wa kiunoni) naweza anza na kilo 100?

Jibu: Soma tena mstari wa mwisho. Mukaba hausaidii tumbo legevu.

Mama_Bidoni: Yaya, miye siendi sali. Nachota maji ziwani, bidoni ya lita 20. Mbona mgongo unauma zaidi asubuhi?

Jibu: Aksanti kwa swali, mama. Vile vigodoro vya katikati ya pingili za mgongo hujaa maji usiku, kwa hiyo ukiinama mara tu ukiamka vinabanwa zaidi. Tembea kwanza, ikiwezekana saa nzima, kabla ya mzigo. Bidoni hiyo ina uzito wa chuma kitupu, hatua ni zile zile: iweke kati ya miguu, si mbele yako. Ukipata mbili za lita 10, moja kila mkono, ni bora zaidi.

Birere_Nguvu: Viatu gani?

Jibu: Soli bapa na ngumu. Vya kukimbilia vinayumba. Miye nanyanyua pekupeku.

Mama_Bidoni: Na kuishusha nyumbani?

Jibu: Makalio nyuma tena, tumbo limekazwa. Wengi wanaumia pale, wakidhani kazi imeisha.